Pointi ya Tom Osborne: Orange Bowl 1984 na dakika 7 zinazosahauliwa

Usiku wa tarehe 2 Januari 1984, uwanja wa Orange Bowl mjini Miami, saa ya mchezo ilikuwa imebakiza sekunde 48. Ilikuwa mechi ya futiboli ya Marekani kati ya timu mbili za vyuo, na ubao ulisoma Miami 31, Nebraska 30. Nebraska ndio kwanza walikuwa wametoka kufunga, na sheria iliwapa nafasi moja ya nyongeza kabla ya mchezo kuendelea. Kocha wao, Tom Osborne, alikuwa na njia mbili. Amwite mpiga teke aupitishe mpira katikati ya milingoti, pointi 1, iwe 31-31. Au awaache vijana wake wauingize mpira ndani kwa mikono kutoka yadi 3, pointi 2, washinde 32-31, wakikwama, kwaheri.

Teke lile mpiga teke wa chuo hulikosa mara chache sana. Muda wa nyongeza haukuwapo enzi hizo. Mechi ikiisha sare, imeisha sare. Na sare, kwa jinsi mambo yalivyokuwa siku ile, karibu kila aliyekuwa akifuatilia aliamini ingeipa Nebraska ubingwa wa taifa. Osborne alikuwa kwenye kiti kile kwa msimu wa 11 na ubingwa alikuwa hajauonja. Alionyesha vidole viwili.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ushujaa, nami nakubali kwamba ulikuwa ushujaa. Sina neno na moyo wa mtu yule. Ninachobishana nacho ni mahali tunapoanzia kusimulia. Tunaanzia sekunde ya 48, wakati mlango ulikuwa umeshabaki mmoja. Mimi naona kosa, kama lipo, lilifanyika dakika 6 na sekunde 55 kabla ya mchezo kwisha, pale ambapo hakuna aliyepiga kelele na hakuna aliyeuliza swali.

Kwa msomaji aliyezoea soka, mambo machache kwanza, maana bila hayo hesabu ya mbele itakuwa kizungumkuti. Futiboli ya Marekani huchezwa kwa robo nne. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne, ikishindwa inaupoteza mpira. Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, pointi 6. Baada ya hapo ndipo linakuja lile chaguo: teke la pointi 1 au jaribio la pointi 2. Jaribio hilo la pointi 2 vyuo vilikuwa nalo tangu 1958. Ukiwa mbali na lango unaweza pia kupiga teke la pointi 3. Anayepokea mpira mwanzo wa kila jaribio na kuamua uende wapi huitwa kwotabeki. Yatosha.

Sasa, ni akina nani hawa. Nebraska ya 1983 ilikuwa mashine. Katika mechi 12 za msimu ilifunga pointi 624, yaani 52 kwa kila mechi; Minnesota walikula 84. Walikuwa hawajafungwa katika mechi 22 mfululizo. Kwotabeki alikuwa Turner Gill, mpokeaji hatari alikuwa Irving Fryar, na mkimbiaji Mike Rozier ndiye aliyekuwa ametoka kubeba tuzo ya Heisman, tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Hata mchezaji wa safu ya mbele, Dean Steinkuhler, jitu lisilogusa mpira kwa kawaida, alikuwa amezoa tuzo zake mwaka ule.

Miami walikuwa hadithi nyingine. Howard Schnellenberger aliichukua timu hiyo mwaka 1979. Mechi ya kwanza ya msimu ule wa 1983 walipigwa na Florida 28-3, kisha wakashinda 10 mfululizo wakiongozwa na kwotabeki wa mwaka wa kwanza, Bernie Kosar, kijana mrefu mwenye mtindo wa kurusha usiopendeza macho lakini pasi zinafika. Katika orodha ya ubora iliyopangwa kwa kura za waandishi wa habari walikuwa nafasi ya 5, Nebraska wakiwa wa 1. Na jambo hili lisipite hivi hivi: Orange Bowl ulikuwa uwanja wao wa nyumbani. Namba moja wa Marekani alisafiri kutoka katikati ya nchi, kwenye baridi, kwenda kutetea nafasi yake sebuleni kwa mwenyeji.

Ubingwa wenyewe haukuwa na fainali. Waandishi walipiga kura yao, makocha wakapiga yao, baada ya mechi za mwaka mpya. Kwa hiyo kila timu ilikuwa ikicheza huku ikisikilizia viwanja vya wengine. Mchana wa siku ileile Texas, namba 2 na wao bila kufungwa, waliudondosha mpira wa teke karibu na lango lao wakiwa mbele dhidi ya Georgia, na wakafa 10-9. Illinois, namba 4, walisagwa na UCLA 45-9. Auburn, namba 3, walikuwa na kipigo kimoja na usiku ule waliipita Michigan kwa tabu, 9-7, bila tachidauni hata moja. Panga hayo mezani uone: nani angemshusha Nebraska ambaye hajafungwa, kwa sababu tu ametoka sare ugenini? Ndiyo maana nasema sare ingetosha. Siwezi kuapa, kura ni kura, lakini ningekuwa mpiga kura nisingehangaika.

Miami walianza kana kwamba hawakuambiwa wanacheza na nani. Kosar alimtafuta Glenn Dennison mara mbili ndani ya eneo la mwisho, teke la pointi 3 likaongezwa, na robo ya kwanza haijakwisha ikawa 17-0. Nebraska walikuwa hawajazoea kukimbiza mechi. Kilichowarudisha mchezoni ni mbinu ambayo nataka niisimulie taratibu, kwa sababu inaonyesha Osborne alikuwa mtu wa aina gani.

Gill alipokea mpira kutoka kwa mwenzake wa katikati, na badala ya kuondoka nao, akauweka chini kwenye nyasi. Makusudi. Kisha yeye na wenzake wakakimbilia kulia kana kwamba bado anao. Walinzi wa Miami wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaokimbilia moto. Steinkuhler akainama, akaokota mpira, akageukia kushoto ambako hakukuwa na mtu. Lile jitu, ambalo kazi yake ya maisha ilikuwa kusukumana ili wengine wapite, likakimbia yadi 19 hadi ndani. Mbinu ile baadaye ilipigwa marufuku. Kocha anayeithubutu katika mechi ya ubingwa, akiwa nyuma kwa pointi 17, si kocha mwoga wala si kocha asiyefikiria. Neno hilo naomba tulishike, maana mbele nitamkosoa.

Hadi mapumziko ilikuwa 17-14. Mwanzoni mwa robo ya tatu Nebraska wakasawazisha, 17-17, na wengi wakadhani sasa mlima umerudi mahali pake. Haikuwa hivyo. Miami walifunga mara mbili, Alonzo Highsmith kisha Albert Bentley, ikawa 31-17. Baya zaidi kwa Nebraska, katika robo hiyohiyo Rozier aliumia kifundo cha mguu na hakurudi tena. Alikuwa ameshakimbia zaidi ya yadi 100. Nafasi yake ilichukuliwa na Jeff Smith.

Huyo Smith, mchezaji wa akiba, ndiye aliyeibeba Nebraska robo ya nne. Zikiwa zimebaki dakika 6 na sekunde 55 alipenya kutoka yadi 1. Ubao ukawa 31-23.

Hapa ndipo nataka tusimame.

Osborne aliita teke. Likapita, 31-24. Hakuna aliyeguna, kwa sababu ndivyo kila kocha alivyofanya: punguza pengo liwe 7, tafuta tachidauni nyingine, ya mwisho tutaamua mbele kwa mbele. Lakini mtu ambaye moyoni ameshakataa sare hapaswi kucheza hivyo. Tuchukue mfano kwamba jaribio la pointi 2 hufaulu mara 40 katika 100. Tuchukue pia kwamba Nebraska watapata tachidauni moja zaidi na Miami hawatafunga tena, kama ilivyokuja kutokea.

Njia ya Osborne: teke sasa, pointi 2 mwishoni. Katika mechi 100 za namna hiyo anashinda 40 na kupoteza 60. Basi.

Njia ya pili: pointi 2 sasa hivi, kwenye dakika ya 6:55. Akifaulu, mara 40, ubao unasoma 31-25. Tachidauni inayofuata na teke la kawaida vinampa 32-31, ameshinda. Akikosa, mara 60, ubao unasoma 31-23, na tachidauni inayofuata inampa nafasi ya kujaribu tena pointi 2 ili asawazishe. Katika hizo 60, atafaulu 24. Jumla: ushindi 40, sare 24, vipigo 36.

Linganisha. Ushindi ni uleule, 40 kwa 40. Njia ya pili haimnyimi hata mmoja. Inachofanya ni kuchukua vipigo 24 na kuvigeuza sare. Na sare, tumeona, ilikuwa na ubingwa ndani yake. Badilisha ile 40 iwe 50 ukipenda: njia ya Osborne inatoa ushindi 50 na vipigo 50; ya pili inatoa ushindi 50, sare 25, vipigo 25. Ukitaka kushinda, unajaribu mapema, kwa sababu ukikosa mapema bado una pa kujishikia. Osborne aliweka jaribio lake mwisho, mahali ambapo kukosa hakuna dawa.

Najua majibu. La kwanza ni kwamba kukosa mapema kunavunja moyo: wachezaji wanaona 8 ubaoni na wanalegea. Hili nalipa uzito, maana mchezo unachezwa na watu wenye damu, na Miami walikuwa na mashabiki wao nyuma yao. Lakini timu iliyotoka 17-0 hadi 17-17 haikuwa timu ya kulegea kwa pointi moja. La pili ni kwamba Miami wangeweza kuongeza teke la pointi 3 na kuharibu hesabu yote. Wangeweza, ndiyo. Ila pengo lingekuwa 9, 10 au 11, na mapengo yote hayo matatu yanahitaji kufunga mara mbili, kwa hiyo jibu hili halinisumbui. La tatu ndilo zito zaidi kwangu: mwaka 1984 hakuna aliyefikiri hivyo. Leo wako makocha ambao wakiwa nyuma kwa 14 na kufunga hukimbilia pointi 2 papo hapo, na bado watazamaji huwazomea. Kumhukumu Osborne kwa hesabu iliyozoeleka miaka mingi baadaye ni kumwonea kidogo. Nakubali. Lakini kisa kinachambuliwa ili tuone njia zilizokuwepo, hata zile ambazo hakuna aliyezipita, na hii ilikuwepo. Ilihitaji penseli na karatasi tu.

Tuendelee. Miami walipata nafasi ya kufunga mlango kabisa, teke la yadi 42, likaenda nje. Ilibaki dakika 1 na sekunde 47, na Nebraska walikuwa na yadi 74 za kwenda. Gill akaanza kurusha, yeye wa timu iliyoishi kwa kukimbia. Ndani ya eneo la mwisho alimkuta Fryar peke yake, pasi ikafika kifuani, Fryar akaidondosha. Ukiitazama leo bado mkono unakwenda kichwani. Wakafika jaribio la nne, yadi 8 zinahitajika, mpira upo yadi ya 24 ya Miami. Wakishindwa hapo hakuna kisa. Gill akakimbilia kulia, akasubiri mlinzi amkaribie kabisa, ndipo akamtupia Smith mpira wa pembeni. Smith akapita ukingoni yadi zote 24 hadi ndani. Sekunde 48. 31-30.

Na hapo ndipo kusuka au kunyoa. Baadaye Osborne alieleza kwamba sare hata hakuifikiria, walikuja kushinda. Nadhani pia alikuwa na kumbukumbu ambayo kila kocha wa kizazi chake alikuwa nayo. Novemba 1966, Notre Dame na Michigan State, namba 1 na namba 2, walikuwa 10-10. Kocha wa Notre Dame, Ara Parseghian, alipata mpira ikiwa imebaki zaidi ya dakika moja, na badala ya kushambulia akauacha muda uishe. Notre Dame walipewa ubingwa. Parseghian alipewa lawama iliyomfuata maisha yake yote. Yule aliyechukua sare akawa bingwa, na bado watu wakamwita mwoga. Osborne alilijua hilo, na wachezaji wake walilijua.

Basi tuangalie lile jaribio lenyewe, sekunde chache tu. Yadi 3, mchezo mmoja. Gill anapokea mpira na kuzunguka upande wa kulia, akiwa na uhuru wa kukimbia mwenyewe au kurusha. Smith anatoka nyuma na kuteleza kulekule kulia, kuelekea mstari wa lango. Anaonekana wazi. Gill anarusha, na mpira unakuja nyuma kidogo ya Smith, si sana, kiasi cha kumlazimu ageuze mwili. Kiasi hicho kinamtosha Kenny Calhoun, mlinzi wa nyuma wa Miami, kunyoosha mkono. Ncha za vidole zinaugusa. Mpira unayumba, unampiga Smith na kuanguka kwenye nyasi.

Ni Smith yuleyule ambaye dakika moja kabla alikimbia yadi 24 kwa nguvu zote. Rozier alikuwa benchi na kifundo chake. Kwa yadi 3 za mwisho, Nebraska yenye afya ingekuwa na mkimbiaji bora wa taifa wa kumpa mpira, na walinzi wote wa Miami wangelazimika kumwangalia kwanza. Bila yeye, Calhoun aliweza kubaki na mtu wake. Haya ni maoni yangu, lakini kila nikiitazama ile pasi naona kivuli cha mtu aliyekosekana. Na hapo tena hesabu ya mapema inarudi: uwezekano wa kufaulu ukiwa umepungua kwa sababu ya majeraha, ndipo unapozidi kuhitaji nafasi ya pili.

Nebraska walijaribu teke fupi la kuunyakua mpira tena, Miami wakaukamata, muda ukaisha. Asubuhi yake wapiga kura waliwarusha Miami kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1. Nebraska wakawa wa pili, Auburn wa tatu. Auburn walilalamika na walikuwa na haki ya kulalamika, maana walicheza ratiba ngumu na kushinda. Lakini mpiga kura aliyetoka kuona 31-30 hakuwa na macho ya kuona 9-7. Kwa Miami ulikuwa ubingwa wa kwanza katika historia yao, na uliwafungulia miaka ya kutamba.

Kuanzia mechi za mwisho wa msimu wa 1995 vyuo viliingiza muda wa nyongeza. Sare ya aina ile aliyoikataa Osborne haipo tena. Ndiyo maana Boise State walipocheza pointi 2 na kuiangusha Oklahoma 43-42 katika Fiesta Bowl, mojawapo ya zile mechi za mwaka mpya, Januari 2007, ingawa wengi huviweka visa hivi viwili pamoja, swali lilikuwa jingine. Chris Petersen, kocha wa Boise, alikuwa akichagua kati ya kumaliza sasa na kuendelea kupambana na timu yenye miili mikubwa kuliko yake. Teke halikuwa na taji ndani yake. Osborne alikuwa na taji mkononi.

Alingoja miaka 11 mingine. Tarehe 1 Januari 1995 alirudi Orange Bowl, uwanja uleule, mpinzani yuleyule. Robo ya nne Miami walikuwa mbele 17-9. Zikiwa zimebaki dakika 7 na ushei, Cory Schlesinger alipenya yadi 15 na kufunga, 17-15. Safari hii pengo lenyewe lilimlazimisha Osborne kujaribu pointi 2 mapema. Tommie Frazier akarusha kwa Eric Alford, na Alford akaudaka. 17-17. Schlesinger akafunga tena, 24-17, na Nebraska wakaumaliza msimu bila kufungwa.